Mate ya Matarumbeta

Harufu ya mate yaliyolala ndani ya shaba siwezi kumweleza mtu ambaye hajaisikia. Ni uvundo na chuma kwa pamoja. Nyumba yetu ya Bulyaga ilinuka hivyo msimu mzima wa mvua, maana babu yangu mzaa baba alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisa, na mvua zikianza mazoezi yalihamia sebuleni kwetu. Waliingia na matope ya mashambani, wakapuliza mpaka mishipa ya shingo ikawatutumka, na kila wimbo ukiisha waliinamisha matarumbeta na kumwaga mate sakafuni. Kazi ya kudeki ilikuwa yangu. Ute ulining'inia kwenye tambara, wa vuguvugu, nikataka kutapika. Niliichukia bendi ile, na zaidi tarumbeta la babu, lile kubwa la besi lililokoroma kama ng'ombe anayeumwa. Siku moja nilimwambia wazi kwamba wananitia kinyaa. Alicheka mpaka akakohoa. "Kinyaa ni cha uchafu, gwe mwana. Hii ni pumzi tu, imelowa."

Kikohozi kile hakikumwacha. Kabla mvua hazijakatika alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Akawaita wenzake, akawapa agizo moja: siku ya kumzika wapige, lakini sehemu yake asiishike mtu. Alipofariki, baba mdogo, mwalimu aliyekuja kutoka Mbeya, hakutaka kusikia hayo.

"Mtatuaibisha mbele za watu," aliwaambia pale makaburini. "Wimbo gani huo wenye mapengo? Mpeni kijana yeyote apulize."

Mzee wa tarumbeta dogo alifuta midomo kwa kiganja. "Mwalimu, tumeagizwa," alijibu, na wakaanza.

Walipuliza kwenye manyunyu, makamasi yakiwachuruzika, nami nimekunja uso. Wimbo ukafika pale besi inapoingia. Haikuingia. Palibaki wazi, na mimi, niliyepasikia siku zote nikiwa na tambara mkononi, nilijua hasa kilichokosekana. Nililia kwa sauti. Tangu siku hiyo niliipenda bendi ile, nikawa nawakimbilia mlangoni kuwapokea. Mate yao yaliendelea kunitia kinyaa.

Siku hizi naishi Makandana, na misibani tunaletewa spika. Ni safi, hazidondoshi kitu, nazo ndizo zinazonichefua sasa. Juzi tumemzika mpigaji wa mwisho wa bendi ile kwa wimbo wa kwenye flashi. Ulipigwa wote, kila sauti mahali pake, kana kwamba hakuna mtu aliyeondoka.