Uso wa Dod

Wavuvi wa pwani ya Angus, huko Uskoti, walikuwa na mwiko wao: mtu hachorwi sura kabla ya kwenda baharini, bahari isije ikamtambua. Elspet Cargill aliujua mwiko huo tangu utotoni, lakini alikuwa ametoka chuo cha uchoraji Edinburgh, na elimu mpya ina kiburi chake.

"Kaa hapo dirishani," alimwambia kaka yake.

"Nichore tu," Dod akasema, "ila pua ya baba mwachie baba mwenyewe."

Alikaa, akicheka, mpaka picha ikakamilika. Wiki hiyohiyo mashua yake ilizama, na maiti yake haikuonekana.

Mama yao, Bella, hakulia mbele za watu. Alisimama mlangoni na kisu cha kupasulia samaki mkononi.

"Hicho kitu hakilali humu ndani. Kakichome."

Elspet angewezaje kumchoma nduguye? Aliibeba picha hadi Edinburgh. Huko nako ikamshinda kuitazama, akapaka juu yake rangi ya kijivu ya bahari, mawimbi yakafunika macho, yakafunika kinywa. Akaapa kutochora tena sura ya mtu. Miaka yote iliyofuata alichora bahari tupu, na wenye fedha wakazigombea picha zake wakisema huyu mama anaijua bahari. Walijua nini wao? Ile ya kwanza, yenye uso wa Dod chini ya rangi, ilinunuliwa na tajiri mmoja, akaenda nayo ng'ambo.

Bella alipozeeka na kuugua, Elspet alirudi kumuuguza. Asubuhi moja akimlisha uji wa shayiri, mama alimshika mkono.

"Ile picha hukuichoma. Nakujua wewe."

"Sikuichoma, Mama."

"Basi nionyeshe. Uso wake umenipotea, mwanangu. Nikifumba macho naliona sweta tu, lile nililomfumia."

Elspet hakuthubutu kumwambia ukweli. Alisema picha iko mbali, lakini atamchorea nyingine. Akachukua karatasi na kipande cha mkaa, akaketi dirishani. Nywele zilikuja, mabega yakaja, sweta likaja na nakshi zake zote. Alipofika usoni mkono ulisimama. Alifuta, akaanza upya, akafuta tena. Naye pia alikuwa ameusahau uso ule.

Kitandani, Bella alikuwa ameshavaa miwani yake.

"Bado?"

"Bado kidogo, Mama," alijibu, akaendelea kuchora sweta.