Ushahidi wa Dereva Harbans

Harbans Singh alikuwa dereva wa nyumba niliyopikia miaka sita, huko Al Thumama, mjini Doha. Alikuwa Kalasinga mtaratibu, kilemba chake akikifua kila Alhamisi. Aliniita dada, nami nikamwita kaka.

Ijumaa, nikishatoka ibada kanisani Mesaimeer, niliwapikia chai yeye na Makalasinga wenzake watatu, madereva wa jirani. Walikusanyika chumbani kwake nyuma ya nyumba. Doha nzima hakuwa na ndugu wengine.

Mwaka 2014, Lakha, aliyekuwa mdogo wao, akaleta sinema kwenye kompyuta. Ilihusu vita vya zamani kwao Punjab, wakati baadhi yao walitaka nchi yao wenyewe. Niliingia na birika nikakuta wanapiga kelele kwa lugha yao, neno kama letu: "Shahidi! Shahidi!"

"Jamani, kuna kesi? Mnamtafuta shahidi?"

Lakha alicheka hadi akamwaga chai. "Anti, ni huyu kwenye picha! Amekufa kwa ajili ya dini!"

Nikamkumbuka Stefano wa Biblia, aliyepigwa mawe kwa imani yake naye akaitwa shahidi, nikaona haya. Lakini Harbans hakucheka.

"Kwenu shahidi ni nani, dada?"

"Ni aliyeona kwa macho yake."

Akaifunga kompyuta.

"Basi ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Huyo mnayemshangilia alikuja kwetu na wenzake. Baba alikataa kuwalaza na bunduki zao mara ya pili. Wakampiga risasi uani, mimi nimeshika ndoo ya maziwa. Kwenye sinema mmeonyeshwa yeye kama msaliti mnene, anacheka. Baba yangu alikuwa mwembamba. Alilia."

"Mzee, serikali imekutuma?" Lakha akauliza.

Wakaondoka na kompyuta yao. Ijumaa iliyofuata walikutana kwa Lakha. Nilipika chai ya wanne kwa mazoea, akanywa mmoja. Nilimwomba Mungu anisamehe swali langu.

Baada ya wiki mbili mwana wa Harbans alipiga simu kutoka kwao Punjab. Sinema ile ilikuwa imefika kijijini kwao. Harbans aliongea naye akiwa mlangoni pa jiko, kisha akabaki amesimama.

"Kuna nini, kaka?"

"Ameuliza kama babu yake alikuwa msaliti. Nimemwambia hapana, mimi nilikuwepo."

"Akasemaje?"

"Amesema, 'Baba, wewe ulikuwa mtoto. Sinema imetengenezwa na watu wazima.'"

Madam, mwajiri wetu, akaita kutoka ndani, watoto wapelekwe kwa bibi yao. Harbans alichukua funguo za gari, akazirudisha mezani, akaniuliza yeye mwenyewe alikuwa anakwenda wapi.