Bi Mwaisha na Mjomba Asiyekuwamo kwenye Orodha

Mtu anayesafiri sana hupoteza vitu vingi, kwa hiyo nimekaa kwenye ofisi za bima katika bandari nyingi. Fomu zao zote zinafanana. Zinakuuliza wewe ni nani, na huku jibu zimekwisha kuliamua. Bi Mwaisha Athumani wa Magomeni, Mtwara, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeishinda fomu, na aliishinda kwa kukaa kimya.

Kimya si tabia yake. Kila asubuhi alikuwa akiuza uji na vitumbua langoni mwa bandari, kwa makuli na madereva wa malori ya korosho, na aliyetaka kukopa alirudi kazini ametukanwa mpaka babu zake. Aliuza hivyo miaka kumi na minne kwa lengo moja, kwenda Hija. Mwisho wa mwaka 1971 tiketi ikawa mkononi, ameikata kwa wakala mmoja mjini pamoja na bima ya safari. Karani wa wakala, Elia, mtu wa Tukuyu mwenye mwandiko mzuri, alimweleza kwamba akizuiwa na ugonjwa mkubwa wa ndugu wa karibu, atarudishiwa nauli yote. Bi Mwaisha akaona ni maneno ya watu wenye akili, akatia dole gumba.

Siku nne kabla ya safari zikaja habari kutoka Mahurunga. Mjomba wake, Mzee Bwanaheri, ameshikwa na ugonjwa wa ngiri akiwa shambani, amekimbizwa hospitali na anapasuliwa. Bi Mwaisha hakuomba ushauri kwa mtu. Huyo ni kaka wa mama yake. Ndiye aliyepokea posa yake, ndiye aliyekwenda kumtoa kwa mume wa kwanza mambo yalipoharibika. Ndege iliondoka Dar es Salaam wakati yeye yuko kando ya kitanda, anampepea mgonjwa.

Mzee akapona. Kilichougua sasa ni dai lake la kurudishiwa nauli. Barua ya kampuni ya bima ilisema orodha ya ndugu wa karibu ina mzazi, mume, mke na mtoto, na mjomba hamo. Bila nauli ile Hija ilikuwa basi. Miaka kumi na minne mingine ya uji ingemkuta na miaka sitini.

Elia alitoka kwa watu ambao mtoto ni wa baba, na mjomba ni mtu wa kutembelewa. Akamnong'oneza kwamba mkaguzi anakuja kupitia madai yaliyokataliwa, kwa hiyo wabadilishe sehemu moja tu, waandike Mzee Bwanaheri ni baba yake.

"Baba yangu yuko Lindi, mzima, anacheza bao," alisema Bi Mwaisha. "Nikasimame Makka kwa nauli ya uongo, Elia?"

Akatuma ujumbe Mahurunga, kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Penye shauri, mpwa hasemi. Mjomba wake ndiye anayesema.

Siku ya mkaguzi, Elia aliinua kichwa akamwona mgonjwa mahututi wa kwenye faili lake anashuka kwenye lori, kanzu imepigwa pasi, anatembea vizuri kabisa. Alijaribu kumkalisha nje kwa chai. Mzee alisema chai atakunywa baadaye, akaingia na kukaa kwenye kiti cha mbele. Mpwa wake akakaa nyuma yake.

"Mgonjwa ni yupi?" mkaguzi aliuliza.

"Ni mimi."

"Mbona mzima, mzee?"

"Ulitaka nife ndipo mlipe?" Akaanza kupandisha kanzu ili aonyeshe mshono. Mkaguzi akasema upesi kwamba cheti cha daktari kinatosha.

Kisha akamgeukia Bi Mwaisha na kumwuliza habari za ugonjwa alizipata lini. Bi Mwaisha akatazama sakafu, na mzee akajibu. Akamwuliza tena, kwa nini hakuwaachia watoto wa mgonjwa wamwuguze baba yao. Mzee akajibu.

"Wanangu wana mjomba wao, wako kwake wanapalilia mpunga. Wangu mimi ni huyu."

Mkaguzi alitaka kujua kama mama huyu ni bubu. Elia akamwambia aulize makuli.

Mkaguzi akacheka, akaweka kalamu chini. Sasa aliuliza kwa kutaka kujua: nani alipokea posa, nani alisimama siku ya talaka. Kila jibu lilikuwa jina lile lile. Akaichukua hati ya bima na kuisoma mpaka mstari wa mwisho chini ya orodha: au mtu anayesimama mahali pa mzazi. Elia aliujua mstari huo kwa moyo. Siku zote alidhani ni wa yatima.

Nauli ilirudi mwezi wa Aprili. Ulipofika msimu wa Hija, Bi Mwaisha alikata tiketi upya, na safari hii Elia aliandika jina la Mzee Bwanaheri kwenye hati kabla ya dole gumba. Mzee, aliyekuwapo bila shaka, alitaka asomewe mara mbili.

Elia akamwomba, tafadhali, asiumwe tena mpaka ndege iruke.

"Na hilo liandike," alisema mzee.