Njahi Usizikimbize

Siku hizi nikiwasikia wanawake mjini Thika wakisema wamekula maandazi mengi, sharti watembee kidogo wapunguze mwili, mimi huinuka nikaenda zangu. Sina neno nao. Ni kwamba namkumbuka Wamboi, jirani yangu mwaka ule wa hamsini na tano. Sijamwona mtu mwingine aliyepima chakula na kazi kama yeye.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, askari walitubomolea nyumba, wakatukusanya katika kijiji kimoja, kisha wakatuamuru tuchimbe mtaro kukizunguka ili wapiganaji wa msituni wasiingie kutafuta chakula. Wanaume wetu walikuwa kizuizini, mume wa Wamboi akiwa Manyani, kwa hiyo mtaro tukachimba sisi wanawake. Wamboi alikuwa na mtoto wa miezi minne, Kagwe. Watoto hawakuruhusiwa mtaroni, basi alimwacha nyumbani na mama mkwe wake, Mumbi.

Asubuhi alikula viazi vitamu viwili vidogo. Kutoka na chakula langoni ilikuwa hatia.

"Cha kwanza kinanifikisha saa nne," aliniambia. "Cha pili, saa sita. Baada ya hapo, Waithira, nachimba na nyama yangu mwenyewe."

Siku moja alificha kipande cha kiazi kwenye kitambaa cha kichwa. Homugadi, mwenyeji aliyewalindia wakoloni, akakipata, akakikanyaga kwa buti, akamwongezea hatua mbili za kuchimba. Wamboi akasema kipande kimoja kimemlia nguvu za viazi vitatu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Haba na haba hujaza kibaba, husema walioshiba. Kibaba cha Wamboi kilikuwa kimetoboka.

Nyumba yake ilikuwa pembeni kabisa, karibu na mtaro. Mwanzoni, saa sita, wanyonyeshaji walipopewa nusu saa yao, aliruka tu akawa mlangoni kwake. Lakini kila siku tulizidi kwenda chini, na miti iliyochongwa ikasimikwa humo ndani, mpaka anayeruka akawa anajiua. Ikabidi azunguke kijiji kizima hadi langoni, upande wa juu, huku akimsikia mwanawe akilia ng'ambo pale, mahali unapoweza kurusha jiwe likafika. Jembe lililomtenga naye alilishika mwenyewe.

Basi akawa anakimbia. Alikimbia kwenda, akakimbia kurudi. Alifika akihema, akampa mtoto titi, na mtoto akanyonya jasho. Kagwe akaanza kukonda shingo.

Mimi nami, mjuzi wa mambo, nikamwambia, "Mama Kagwe, hizo mbio ndizo zinakula maziwa. Kale kadogo unakokula unakamaliza njiani."

"Na akilia?"

"Wacha alie. Kilio hakiui mtoto. Titi kavu ndilo linaua."

Nikamtafutia njahi, yale maharagwe meusi ya kuongeza maziwa. Kwetu, mama aliyejifungua akikosa njahi, ni kama hana watu. Wamboi alikuwa hajaonja hata moja tangu azae. Nilipata konzi mbili kwa shangazi yangu, Mumbi akazichemsha, na Ijumaa asubuhi Wamboi akazila zote akiwa amesimama, akiona haya kwa sababu hakumbakishia mtu.

"Hizi usizikimbize," nikamwambia.

Saa sita filimbi ikalia. Tukatega masikio upande wa nyumba yake. Kimya. Wamboi akatabasamu, na sikuwa nimeyaona meno yake tangu mvua zilizopita.

"Leo amelala," akasema.

"Basi tembea polepole. Unaona?"

Akatembea kama mtu anayekwenda kanisani, mkono mmoja kifuani. Nguo yake ilikuwa imeanza kulowa mbele. Nilimsindikiza kwa macho hadi akapinda kona, na nilijisikia fahari, nasema kweli, nilijiona nimeokoa mtoto.

Mumbi alikuwa ameketi mlangoni, Kagwe mapajani, amefunikwa uso. Mtoto alikuwa amekufa tangu saa nne. Bibi yule hakupiga ukemi. Alijua mama mtu angesikia, na angeuruka mtaro.

Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba nusu saa haikuwa imekwisha Wamboi aliporudi, akachukua jembe. Homugadi alikuwa akihesabu vichwa. Niliuliza, "Amenyonya?" Wamboi akasema, "Bibi yake amemfunika na shuka yangu," kisha akachimba.

Zile njahi zilifanya kazi. Maziwa yalimtoka siku tano, yakimlowesha hadi kiunoni, naye akichimba, na mimi kando yake nikichimba.