Mfuko wa Kupandia Nguzo

Mke wangu akikuuzia mfuko akakwambia utakuzika, usikasirike. Si dua mbaya. Anamaanisha kwamba wewe utatangulia, mfuko utabaki, na wajukuu wako wataugombania. Amewaambia hivyo waashi, mafundi bomba, maseremala na wapaka rangi, na ni mmoja tu aliyenuna. Naye alirudi baadaye kumnunulia shemeji yake.

Mtaani wanamwita Mama Turubai. Mwanzoni alikuwa anakunja uso, siku hizi akiitwa jina lake halisi hageuki. Mimi naitwa Mume wa Mama Turubai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama jina hilo linanipendeza.

Kazi tumegawana: mimi nakata, yeye anashona. Tunatumia turubai zito lile la kufunikia malori, jinzi, ngozi ya viti vya mabasi na mikanda ya nailoni. Nguo laini hagusi. Shangazi yangu alimletea gauni lake la harusini apunguziwe kiuno, mke wangu akalipapasa, akalikunja vizuri, akamrudishia. "Shangazi," akamwambia, "hili nikilitia kwenye mashine yangu nitakuwa nimelichinja."

Hiyo mashine inaitwa Nyati. Zamani ilikuwa kwenye karakana ya kushona viti vya mabasi, na karakana ilipofungwa mke wangu akaing'ang'ania mpaka wakampa. Ni chuma kitupu. Sindano yake ukiiona utadhani msumari, na mota ikinguruma vikombe vinacheza kabatini. Tuliiweka kwanza chumba cha mbele, chenye sakafu ya mbao, ikawa inatembea. Naapa. Mtu anaanza mshono akiwa mlangoni, anaumaliza akiwa dirishani. Ndipo tukaihamishia chumba cha nyuma, chenye saruji, ambacho sasa ndicho karakana yetu, tukaifunga kwa boliti.

Sasa, kuna jambo moja la turubai ambalo watu hawalijui. Nguo ya kawaida ukikosea unafumua, unarudia, hakuna atakayejua. Turubai ukilifumua, matundu yanabaki, na mvua ikinyesha maji yatapita hapo hapo kukuumbua. Kwa hiyo mke wangu hatumii pini, hata moja. Anashikiza kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia. Vibanio vyote vya nyumba hii vimehamia karakana, na upepo ukivuma mimi ndiye ninayekwenda kwa jirani kuokota mashati yangu.

Na kwa sababu hakuna kurudia, anauliza kwanza. Kabla hajakanyaga pedali, mteja atahojiwa mpaka ajute: unafanya kazi umesimama au umechuchumaa, nyundo unaitoa mara ngapi, mfuko unauweka chini au unaning'inia begani, bega gani. Fundi bomba mmoja alifika mahali akasema, "Mama, mimi nimekuja kununua mfuko au nimekuja kuposa?" Mke wangu akamjibu kwamba kwa mkwe angeuliza machache.

Basi mwanamke huyo, aliyemshonea kila fundi wa mji huu, ndiye aliyekataa kumshonea mwanawe.

Binti yetu, kitinda mimba, alisomea umeme. Hapo hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa mama yake alidhani umeme ni kubadilisha balbu. Kumbe mtoto macho yake yalikuwa juu. Akapata kazi kwenye kikosi kinachofunga nyaya kwenye nguzo za barabarani, aanze Jumatatu. Kofia ngumu wanapewa, mkanda wa kujifungia nguzoni wanapewa, lakini mfuko wa vifaa kila mtu anakuja na wake. Hebu niambie, mtoto wa Mama Turubai akanunue mfuko wapi?

Alimwomba mama yake jioni, tukiwa karakana tunakunywa chai. Mke wangu akajibu, "Turubai limekwisha." Alikuwa amekalia jora zima la turubai.

"Mama watoto," nikasema, "na hilo ulilolikalia?"

Akanikata jicho. Nikaona heri ninywe chai yangu.

Mke wangu anaogopa urefu, tena anaogopa sana. Pazia natundika mimi, na hata mimi nikiwa juu ya stuli yeye huwa ameshika suruali yangu kwa nyuma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikumlaumu. Akanieleza usiku ule kwamba mikono yake haiwezi kushona kitu cha kumpeleka mtoto wake juu kule. "Nikishona nimekubali," akasema. "Na mimi sijakubali."

Upande wa pili napo palikuwa pagumu. Binti alinifuata uani asubuhi, nikiwa naokota hayo mashati. "Baba, mfuko hata wa kuazima nitapata," akasema. "Mimi nataka radhi ya Mama. Asiposhona, Jumatatu siendi. Nitawaambia wampe mtu mwingine." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kazi hiyo aliitaka tangu akiwa bado ana vitabu mkononi, na sasa alikuwa tayari kuiacha ili asimvunje mama yake moyo. Nilitaka kulia, mtu mzima mimi na ndevu zangu.

Siku zile nyumba ilikuwa na kimya ambacho kila mtu alikipitishia kwangu. "Mwambie binti yako chakula kiko mezani." Binti yuko hapo hapo, anasikia. "Baba, mwambie Mama nimeshiba." Mama naye anasikia. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ndizo mimi. Nilifika mahali nikawaambia wote wawili kwamba mimi si simu.

Jumamosi mke wangu alikwenda dukani kununua uzi. Hakuwa amefika mbali, binti akaingia karakana, akachukua mabaki ya turubai, akaketi mbele ya Nyati. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukalia kiti kile. Na mimi nilifanya nini? Nilinoa mkasi. Mkasi ulikuwa mkali tayari, lakini mkasi haukatai kunolewa.

Jamani, Nyati si mashine ya mgeni. Binti alikanyaga pedali, mashine ikakinyakua kitambaa, yeye akakivuta, nayo ikavuta zaidi. Kelele ile ilifika mpaka njiani. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba aliisikia akiwa kwenye kona, anarudi, akajua kuna mtu anakanyaga pedali kama anaua nyoka. Aliingia uzi ukiwa bado mkononi, hakuweka chini hata pochi.

Binti akasimama, akampa mfuko. Mke wangu akaugeuza. Mshono ulikuwa umelewa. Mfuko wa pembeni, wa kuwekea bisibisi, ulikuwa umeshonwa ukapita pande zote mbili, hivyo mfuko mkubwa ulikuwa umezibwa katikati. Ungeweza kuingiza vidole viwili, si zaidi.

"Hiki ni nini?" mke wangu akauliza. Alimwuliza yeye mwenyewe, si kupitia kwangu, nikajua kuna jambo limesogea.

"Mfuko wangu."

"Koleo linaingilia wapi?"

"Sijui, Mama. Nitalishika mkononi."

"Upande nguzo umeshika koleo mkononi?"

Binti akautazama mfuko ule. Mimi niliacha kunoa. Kisha binti akasema polepole, "Ulisema turubai limekwisha. Basi nimeokota nilichokiona, kwa sababu nilitaka kujua kama naweza kwenda bila wewe. Siwezi. Nitawapigia simu leo."

Mke wangu alisimama na ule mfuko mbovu mikononi. Alipitisha kidole juu ya mshono, tundu kwa tundu, na nikaona uso wake unabadilika. Mwanamke huyu hajapata kuona mshono mbaya akaupita. Ukimpeleka msibani, atatazama mshono wa kitambaa cha jeneza. Lakini siku ile naona haukuwa mshono tu. Mtoto alikuwa amejaribu kufanya peke yake jambo ambalo kila mgeni wa barabarani alifanyiwa na mama yake kwa tabasamu.

"Leta huo mkanda waliokupa," akasema.

Binti akakimbia chumbani akauleta mkanda wa kujifungia nguzoni. Mke wangu akakaa karibu na dirisha, akaweka miwani. Hakuuliza bei yake wala umetoka wapi. Aliangalia pale mkanda unapokutana na chuma, pakiwa pameshonwa mraba na msalaba ndani yake, mara mbili. Akavuta. Akanipa mimi upande mmoja, tukavutana tukiwa tumeweka miguu ukutani, watu wazima wawili, binti yetu akitutazama asijue acheke au aombe. Akarudi dirishani akahesabu nyuzi kwa ukucha. Alikaa hapo muda mrefu.

"Huyu fundi simjui," akasema mwishowe, akivua miwani, "lakini ana watoto."

Kisha akanigeukia. "Baba watoto, nikatie turubai. Lile zito. Na usinikatie kwa mazoea, huyu anatumia mkono wa kushoto."

Basi mahojiano yakaanza, na ya fundi bomba yalikuwa mchezo. Alimsimamisha binti juu ya stuli, akamfunga ule mkanda kwenye nguzo ya paa la karakana, akamwambia fanya kama uko kazini. Ukiwa juu unashika nini? Mkono upi unabaki huru? Waya unaukata kwanza au unaumenya kwanza? Ukiangusha bisibisi inamwangukia nani? Binti akajibu yote, mikono ikichora hewani, na kadiri alivyojibu ndivyo sauti yake ilivyopanda. Alimweleza jinsi wanavyozima umeme kwanza, jinsi mmoja anavyopanda na mwingine akibaki chini hana kazi nyingine ila kumtazama. Mke wangu aliuliza hilo la mwisho mara mbili. "Hana kazi nyingine kabisa?" "Kabisa, Mama. Hata simu haruhusiwi kushika."

Nyati ilinguruma alasiri yote. Vikombe vilicheza, jirani aligonga ukuta, tukamwacha agonge. Mfuko ulitoka mdomo ukiwa mpana, koleo kushoto, kila kifaa na kamba yake fupi ili kisidondoke, na kifuniko kinachojifunga chenyewe mkono ukitoka. Radhi haikutamkwa kwa maneno. Mke wangu alimvika binti ule mfuko, akamzungusha, akamwambia, "Haya. Sasa uko kamili." Binti akamkumbatia, nami nikaenda uani kwa sababu macho yangu yalikuwa yameingia vumbi la turubai.

Jumatatu mke wangu alitangaza kwamba haendi popote, ana kazi nyingi. Jua lilipopanda akasema anakwenda kutafuta zipu mtaa wa pili. Sikuuliza kitu, nikavaa viatu.

Kikosi kilikuwa njia panda. Binti yetu alishafika juu, amejifunga, kofia ya njano inang'aa. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Miaka yote ya ndoa mke wangu hajanishika mkono barabarani. Siku ile alinishika kwa kucha. Alikuwa anautazama mfuko. Mkono wa kushoto ukaingia, ukatoka na koleo, ukarudisha, ukatoka na bisibisi.

"Hakutazama," akaninong'oneza. "Mkono umeingia wenyewe."

Msimamizi wa kikosi, jitu la miraba minne lenye masharubu, alivuka barabara kuja kwetu. Akatuamkia kwa adabu, akauliza kama sisi ndio wazazi, na kama ni kweli kwamba mama ndiye aliyeshona ule mfuko, maana vijana wake wote wanautaka, na yeye pia.

"Mwanangu, subiri," mke wangu akasema, macho yakiwa juu. "Ashuke kwanza."

Msimamizi akasubiri. Tulisimama pale sote watatu, shingo zimeinuka, mpaka mguu wa binti yetu ulipogusa ardhi. Mke wangu akauachia mkono wangu, akajifuta uso kwa kiganja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Na wewe unapanda?"

"Napanda, mama. Nimezeekea kwenye nguzo hizi."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Naye anasemaje?"

Msimamizi akavua kofia. Akageuka kuangalia kama vijana wake wanasikia, kisha akainama kidogo na kushusha sauti. "Mama anajua nafanya kazi ofisini."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, na machozi aliyokuwa ameyafunga wiki nzima yakapata njia ya kutokea. Binti akaja mbio akidhani kuna msiba. Mama yake akamvuta akamkalisha karibu, akamkumbatia na kofia yake na mfuko wake na vumbi lake lote, huku bado anacheka.

"Wa kwako nitaanza nao," akamwambia msimamizi alipopata pumzi. "Ila Jumapili uje na mama yako, nizungumze naye."

Msimamizi akavaa kofia yake upesi, akasema labda mfuko usubiri kidogo.