Mto Ambao Haukuandikwa

Usufi wa zamani una harufu ya vumbi kavu, kama chumba kilichofungwa tangu kiangazi kilichopita, na huu wangu umechanganyika na moshi wa korosho. Wiki iliyopita nilifungua sanduku la bati nimtafutie binti yangu Zuhura shuka la kwenda nalo ng'ambo, na harufu ile ikanifikia kabla mkono wangu haujafika chini. Nikafunga sanduku. Nilimwambia Zuhura kwamba shuka sijaliona. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu kitu kilekile, ingawa kati yake na ule wa kwanza nimeshazaa na kulea.

Ule wa kwanza ndio nataka kuwaeleza. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba, na daftari hili naliandikia jikoni nikingoja maharage yaive. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana nakuta nimejipendelea. Leo nitajitahidi nisijipendelee, wala nisimwonee mtu mwingine.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa Mkomaindo, hapa hapa Masasi, na mdogo wake mama, mama mdogo Rehema, alikuwa akikaa nasi. Alikuwa muuguzi, mcheshi, mwenye mikono inayonukia sabuni saa zote. Akapata kazi Uingereza. Nyumba nzima tulitembea vifua mbele, isipokuwa Bibi.

Bibi, mama yao, alikaa Newala, kule juu. Habari ilipomfikia alisema, "Kwani wagonjwa wa Newala wamekwisha?" Mama mdogo alipanda kwenda kumuaga, akarudi jioni ileile macho yamevimba. Nilimsikia akimwambia mama, "Dada, hata mkono hakunipa. Nakwenda bila radhi." Siku ya pili yake akaondoka kwenda Dar es Salaam kupanda ndege. Vitu vyake vichache akatuachia tuvipakie kwenye sanduku la mbao, vimfuate kwa meli.

Siku tatu baadaye Bibi akateremka. Hakuwa na mzigo ila mto mmoja, ameukumbatia kwapani kama kuku wa kupeleka mnadani. Mimi mto ule niliujua. Tangu nimeanza kutembea, kila nikilala kwake alikuwa ananiambia, "Salma, nletee nto wangu." Usufi wake ulitoka kwenye msufi wa nyuma ya nyumba yake. Lakini safari hii alikuwa ameuvalisha kitambaa kingine, kanga iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki, yenye madoa ya rangi ya chai pembeni.

"Hii ndiyo mbeleko nliyombebea Rehema," alimwambia mama. "Barua sijui kuandika. Simu haina uso. Atalalia huu, ataelewa."

Mama alifunika mdomo kwa upande wa kanga yake. Mimi nilikuwa palepale nimeshika glasi ya maji ya Bibi. Nililisikia kila neno. Nasema hivi ili msije mkanitetea kwamba sikusikia.

Msafirishaji alitaka orodha. Kila kitu cha ndani ya sanduku kiandikwe, na kisichoandikwa kisiwemo, maana bandarini kitu kimoja tu kisicho kwenye karatasi kinaweza kuzuia sanduku zima. Mama mdogo alikuwa ameagiza mapema kwamba niandike mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Kweli nilikuwa nao, na sifa ile ilikuwa imenikaa kichwani vibaya. Kwa siku tatu nilikuwa nikiona picha moja: Wazungu wamesimama bandarini kwao, wameshika karatasi yangu, wanasema huyu mtoto ameandika vizuri kweli.

Tukakaa mkekani. Bibi akawa anashika kitu kimoja kimoja na kukitaja, mimi naandika, mama anapanga sandukuni. Kanga sita. Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Mwiko. Msahafu. Picha tatu katika bahasha. Korosho zilizobanguliwa, mfuko mmoja. Mimi na kalamu yangu ya wino wa bluu, ulimi nje, kwaru kwaru kwaru.

"Andika nto," akasema Bibi.

Nikautazama. Nikawaona wale Wazungu wangu wakiutoa, wakiunusa, wakiyaona yale madoa, kisha wakirudi kwenye karatasi kutazama ni nani aliyeandika. Nikainamisha kichwa. Mkono wangu ukaenda kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama unaandika, lakini ncha ya kalamu haikugusa karatasi. Ilipita hewani.

"Nimeandika, Bibi."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Umeandika?"

"Ndiyo."

Akauweka mto juu ya vitu vyote, akaupigapiga mara mbili kama anayemlaza mtoto.

Kesho yake asubuhi tulipeleka sanduku kwa mkokoteni hadi ofisi ya msafirishaji, karibu na stendi. Mama alibaki nyumbani ana homa, nikaenda na Bibi. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Bibi "Shikamoo" kabla ya kitu kingine chochote. Akachukua orodha yangu, akaigonga muhuri kwa mazoea, kisha akaanza kusoma na kukagua. Alifika mwisho, mto umebaki mkononi mwake.

"Bibi, hiki hakimo."

"Kimo. Kaandika huyu njukuu wangu. Soma vizuri, nwanangu. Nto."

"Mto?" Karani akatabasamu. "Mto gani, Bibi? Tukikuwekea Ruvuma humu sanduku litavuja!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Bibi naye, aliyezaliwa Newala ambako maji walikuwa wakiyafuata bondeni na kupanda nayo mlima kichwani, hakukawia. "Ningekuwa na nto wa maji ningeupeleka ng'ambo mie? Ningeuacha kwetu!"

Wakacheka zaidi, na kicheko hicho kilikuwa chake. Kama mambo yangeishia hapo ningewasimulia leo kama kichekesho. Lakini karani akanigeukia mimi. "Binti, wewe ndiye mwandishi. Mbona hukuandika?"

Ningeweza kusema nimesahau. Kusahau si dhambi, na angenigombeza kidogo tu. Nikasema, "Bibi alisema *nto*. Mimi sikujua nto ni nini."

Nilisema "nto" kwa kuivuta, kwa kuiga, kama watoto wa shuleni kwetu walivyowaigiza watu wa kule juu. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha Bibi tena. Mama mmoja mwenye gunia alisema, "Ee, lugha ya juu hiyo, hata mjukuu haijui!" Nami nikacheka kidogo. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya uongo wenyewe.

Bibi akamwambia karani, "Ntoto hana kosa. Ulimi wangu ndio haukusoma."

Sitaki kumlaumu karani. Alijikuna kichwa, akasema muhuri umeshagongwa, lori linaondoka, na akiongeza kitu kwa mkono ataonekana amefanya ujanja. Alimrudishia Bibi mto kwa mikono miwili. Tulirudi Mkomaindo kwa miguu, yeye mbele na mto kwapani, mimi nyuma nikihesabu hatua zake. Mama alipouliza, Bibi alijibu neno moja: "Umebaki." Mama alitaka kumtafuta msafiri wa kuubeba. Bibi akakataa, akasema kitu kikishafika mlangoni kikarudishwa hakitumwi tena. Akapanda nao Newala.

Sanduku lilifika. Mama mdogo alipiga simu kushukuru, akataja kila kitu, mpaka mwiko. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, "Na Mama hakuweka kitu?" Mama akaanza kueleza, simu ikakatika. Walipozungumza tena mama alimweleza habari ya mto, lakini mama mdogo, nadhani, aliona ni dada tu anayemtuliza. Kwa miaka yote iliyofuata, yeye na Bibi waliulizana hali kwenye simu kama majirani. Bibi alipofariki, mama mdogo hakuwahi kufika.

Mimi nilikuwa naye Bibi siku zake za mwisho. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Nilikuwa nikimwinua kichwa nimwekee ule mto, akasema bila hasira, kama anayekumbuka mvua ya zamani, "Siku ile kalamu yako ililia kwa kila kitu, Salma. Kwa kanga ililia, kwa mwiko ililia. Kwa nto haikulia."

Mtu asiyejua hata herufi moja, alikuwa akisoma kwa masikio.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Nlikuuliza. Umeandika? Nkangoja uirudie karatasi." Akafumba macho. "Baadaye nkaona, nkikuumbua mbele za watu, tutakuwa wawili tuliochekwa. Mmoja alitosha."

Alipokufa, waliokesha naye usiku wa mwisho waliniambia alisema mto uchukuliwe na Salma. Kama ni adhabu au ni msamaha sijui hadi leo, na sitaki kujichagulia.

Nilichojua utotoni ni kwamba mto ule ulikuwa mchafu. Kwamba radhi inaweza kushonwa, ikajazwa usufi, ikakosa meli kwa sababu ya mwandiko mzuri wa mtoto, hilo nimelijua nikiwa na mtoto wangu wa kumpa.

Zuhura anakwenda kusoma, mji wa karibu na mama mdogo Rehema, ambaye sasa ni mzee na nywele zake, naona pichani, ni kama za Bibi. Jana tulikaa kupanga vitu vyake. Nilifungua lile sanduku la bati, nikatoa shuka, kisha nikatoa mto, nikamweleza yote haya kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na kile kicheko changu. Hakucheka. Akachukua simu yake aandike orodha, kidole kikapita juu ya kioo bila sauti.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Tafuta kalamu na karatasi."

Akaleta. Nikafumba macho.

"Andika nto," nikasema, na nikasikiliza.