Mkono Mkavu wa Rosenda

Machi ikiingia, mvua za Chonchi, mji wetu wa kisiwani kusini mwa dunia, huwa bado hazijakasirika, na maua ya dalia yamejaa nyuani kama watu waliokuja harusini. Ndio wakati wanawake wa mtaa wetu wa ngazi hukutana Jumapili baada ya misa, kila mmoja na maua yake ndani ya chupa ya jamu, kila mmoja na habari za bustani yake. Kibuyu cha yerba, chai yetu chungu, huzunguka, milcao za moto, mikate yetu ya viazi, huliwa kwa mkono, na anayetoka kwenda msalani husemwa kabla hajafunga mlango.

Rosenda Nahuelquín alijiunga na kikao hicho mwaka aliofiwa na mume. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, anayefanya kazi kiwanda cha kome kule chini gatini, na hata akijisugua kwa limau vidole vyake vilinuka bahari. Jumapili yake ya kwanza kikao kilikuwa kwa Doña Domitila Barría. Huyu Domitila hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na bustani. Alileta mezani dalia moja pana kama sahani, nyekundu ya kukaribia weusi, na wanawake wakanyamaza kama mbele ya sanamu ya mtakatifu. Rosenda alitaka kusifu, maneno yakampotea, akasema:

"Mama yangu! Kama ini la ng'ombe!"

Kilizuka kicheko hata Uberlinda Mansilla, mwenye kushika birika, akajimwagia maji ya moto kwenye sketi. Domitila naye alitabasamu.

"Ini, eh? Umesema kweli, jirani. Ini."

Oktoba ilipofika, wakati wa kupanda, Domitila alipanda ngazi hadi kwa Rosenda na kiazi cha dalia kimefungwa kwenye gazeti. "Nimekuletea ini lako," akasema. "Lipande karibu na ukuta, usilimwagie maji mengi."

Rosenda alikigeuza kile kiazi mkononi. Kisiwani kwetu mtu huzaliwa akijua kiazi, na hiki kilikuwa laini kotekote kama kidole. "Jicho lake liko wapi, Doña Domi?"

"Dalia si kiazi cha kula, binti. Jicho lake hujificha. Linataka mtu mwenye mkono mzuri ndipo lijitokeze."

Akakipanda. Desemba ilipita, Januari ikapita, udongo ukabaki mtupu. Kikao cha Machi, kila mtu alipokwisha kutoa habari zake, Domitila akamgeukia: "Na wewe, Rosenda, ini letu limefikia wapi?" Rosenda akasema halikuota. "Halikuota! Basi mkono wako mkavu, mwanangu. Pole. Huo ni ugonjwa wa kuzaliwa."

Mwaka uliofuata akampa kingine, na uliofuata kingine. Kila Machi swali lilikuwa lilelile, na wanawake walishaanza kuinamisha vichwa mezani kabla hata jibu halijatoka. Mwaka mmoja Rosenda alinunua kiazi cha dalia sokoni, mji wa Castro, kikachipua vizuri, konokono wakakila usiku mmoja hadi shina. Hapo akaamini mwenyewe. Maua yake ya hortensia yalikuwa yakichanua kama wazimu, lakini Uberlinda alisema hortensia humwotea hata maiti.

Neno likasafiri, kama maneno yanavyosafiri penye nyumba zilizobanana. Kaka yake, Lisandro, mwenye shamba la viazi nje ya mji, alimnyang'anya ndoo ya mbegu siku ya kupanda. "Wewe kaa jikoni, menya. Huku tuachie wenye mikono mibichi." Rosenda akamenya viazi vya watu wote, majira baada ya majira. Mjukuu wa Lisandro alipozaliwa, mama wa mtoto akamnyooshea Rosenda ampakate. Rosenda akaificha mikono nyuma ya mgongo. "Acha tu, mwanangu. Nitamtazama hivihivi."

Domitila alianguka mwisho wa Januari, kati ya mistari ya dalia zake, mkasi mkononi. Kiharusi. Hospitali ilimrudisha baada ya muda, upande wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Alikuwa na mpwa mmoja mbali kule Punta Arenas, aliyesema kwa simu kwamba angekuja akipata nafasi. Nani amwoshe, nani amlishe? Uberlinda alikuwa na mgongo mbovu. Wengine walikuwa na wajukuu. Rosenda, ambaye kiwandani walimpa zamu ya jioni, alishuka ngazi kila asubuhi, akawasha jiko la kuni, akamwosha, akambadilisha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha akamweka kwenye kiti dirishani aione bustani yake. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia siku moja, kwa haya, kwamba labda mtu akimwosha mwenye mkono wa baraka, baraka humwambukiza kidogo.

Kikao cha Machi kilikuwa zamu ya Domitila, na Uberlinda akasema zamu ni zamu, mgonjwa atafurahi kutuona. Tulipofika, Uberlinda alikuwa amebeba koleo. Wengine walikuwa na mifuko. Chupa ya jamu sikuona hata moja.

"Tuseme ukweli, jamani," Uberlinda akasema, amesimama katikati ya maua. "Yule mpwa akifika atamwaga saruji hapa aweke gari. Domi mwenyewe angependa nani avirithi vitu hivi? Si sisi?"

"Lakini yuko palepale, anatuona," akasema Maritza, mke wa mwokaji mikate, aliyekuwa mgeni kikaoni.

"Basi ataona vimekwenda mikononi mwa marafiki."

Wakaanza. Waling'oa anemone, waling'oa maua ya yungiyungi, wakachimba dalia zikiwa zimechanua, mashina marefu yakaanguka na vichwa vyake matopeni. Waligombana kwa sauti ya chini nani achukue nyeupe. Nyuma ya kioo Domitila alikaa na mdomo wake ulioshuka upande mmoja, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga mbao za kiti, polepole, bila kukoma. Tulikuwa tukiusikia.

Rosenda aliwasaidia kubeba. Hakuomba kitu.

Uberlinda alifika kwenye ile nyekundu, akaing'oa kishada kizima cha viazi vyake, akaanza kukigawa kwa kisu. Maritza akainama kutazama. "Unakata wapi?"

"Hapa shingoni, uone. Jicho la dalia liko shingoni tu, si mwilini kama kiazi. Kiazi kikitoka bila shingo, hata kikae ardhini mwaka mzima, hakitoi hata jani."

"Ahaa," akasema Maritza. "Kama vile viazi mlivyosema Domi humpa Rosenda."

Kisha mtu mmoja akacheka puani, na mwingine akashindwa kujizuia, na ikawa ni kicheko cha wote, cha watu walioficha utani kwa muda mrefu mno.

"Usikasirike, Rosenda," Uberlinda akasema akijifuta machozi. "Domi alipenda mzaha. Na wewe nawe, mtu anakupa kitu hakina jicho kila mwaka, unapanda tu!"

Rosenda aliokota kipande kimoja chenye shingo, akakitazama sana, akakirudisha kwenye rundo. Akaingia ndani. Kupitia dirisha tulimwona akinawa mikono hadi viwikoni, akijifuta, halafu akashika kiti cha Domitila kwa nyuma na kukigeuza, taratibu, bila kumtikisa mgonjwa, hadi kikaelekea ukuta wa jiko, ule mweusi kwa moshi.

"Upepo, Doña Domi," akasema. "Upepo wa dirishani unaua watu wazima."

Hakukigeuza tena.

Aliendelea kushuka kila asubuhi. Uji ulikuwa wa moto wa kiasi, shuka zilikuwa safi, nywele za mgonjwa zilichanwa na kusukwa. Muuguzi wa zahanati alisema hajaona mtu aliyelala kitandani muda wote ule bila kidonda hata kimoja. Na kila asubuhi, akimlisha, Rosenda alimpa habari za bustani, kwa sauti ileile tamu ya kikaoni.

"Leo, Doña Domi, Uberlinda alirudi na toroli. Kachukua waridi la mama yako. Lilishika mizizi kweli, wakalikata kwa shoka. Fungua mdomo. Mbwa wa mwokaji wanalala pale palipokuwa na dalia za njano, pamekuwa na vumbi zuri. Meza, meza, usijipalie. Mvua ikinyesha patakuwa tope tu."

Machozi yalimtoka Domitila jicho moja, lile zima. Rosenda alimfuta kwa ncha ya aproni.

Siku moja ya Mei nilipeleka kuni nikawakuta katika hali hiyo. Ulimi wa Domitila ulikuwa umeanza kulegea. Alijikaza hadi mishipa ya shingo ikamsimama, akatoa neno: "Di... sha."

"Chai?" Rosenda akauliza.

"Di... ri... sha."

"Ndiyo, chai. Inachemka, mama, subiri kidogo."

Domitila akanitazama mimi. Nilisema nimeacha mlango wangu wazi na baridi inaingia, nikaondoka.

Alikufa Agosti, kwenye mvua. Maua hayapo Agosti, tukamzika na mashada ya plastiki kutoka Castro. Rosenda ndiye aliyeuosha mwili na kuuvalisha, na padri alimsifu mbele ya watu wote kwa upendo wa jirani. Mpwa alifika siku ya tatu, akauliza wapi pa kupata saruji.

Oktoba Rosenda alikwenda shambani kwa kaka yake. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga mistarini. Alipita moja kwa moja hadi kwenye ndoo, akaichukua.

"Weka chini," Lisandro akasema.

"Mkono wangu hauna kasoro. Walinipa viazi vya mzaha. Waulize, mtaa mzima wanajua."

"Sijali walikupa nini."

"Basi nipige, kaka."

Hakumpiga, kulikuwa na watu. Rosenda akapanda mstari baada ya mstari hadi jua likazama, ameinama, anaweka kila kiazi jicho juu na kukifunika kwa kiganja, na Lisandro amesimama pembeni ameshika mikono kiunoni. Viliota vyote. Desemba mistari yake ilikuwa imenyooka, kijani, minene kuliko ya mtu yeyote, na wale waliopita barabarani walisimama kutazama. Siku hizo alitembea mjini ameinua kichwa. Alinishika mkono pale dukani, yeye ambaye hakuwahi kumshika mtu, akasema, "Umeviona?"

Januari ukaja ugonjwa wa viazi, ule wa majani meusi. Ulipita kisiwa kizima, kutoka Ancud hadi Quellón, mashamba ya maskini na ya matajiri. Ndani ya wiki mbili shamba la Lisandro lilinuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Walipochimba, viazi vilipasukia mikononi, maji ya rangi ya chuma.

Rosenda alifika na gunia lake. Lisandro aliokota kimoja kilichooza, akakiweka kwenye kiganja cha dada yake, akavikunja vidole vyake juu yake hadi kikapasuka.

"Nilikuambia kaa jikoni."

"Kimeoza kisiwa kizima, Lisandro."

"Mimi nina shamba moja tu."

Mke wa Lisandro aligeuza uso. Yule mtoto, ambaye sasa alikuwa anakimbia, alivutwa nyuma ya sketi ya mama yake. Rosenda alijipangusa mkono kwenye majani, akachukua gunia tupu, akarudi mjini kwa miguu. Jioni alikuwa kiwandani kwenye zamu yake, amevaa glavu, anafungua kome.